MLO ULIOLIWA HAUHESABIKI TENA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Lwakhakha)

Bwana Mwenyekiti, akina mama, na ndugu wafanya kazi,

Sisi watu wa reli hatuna stesheni hapa Lwakhakha. Njia yetu hupita Bungoma na kwenda Malaba. Lakini tuna jamaa hapa, na watoto wetu, kama wenu, hulelewa nyumbani kwa akina mama wakati wazazi wako kazini au sokoni. Tumeombwa tuseme juu ya fedha za serikali za chakula cha watoto katika nyumba kama hizo, na namna ya kujua kama zimelipwa sawasawa.

Jambo hili ni la chama kwa sababu mama anayelea watoto nyumbani kwake ni mfanya kazi kama sisi. Tena Katiba ya mwaka 2010 iliweka elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto mikononi mwa kaunti. Siku tutakapoidai kaunti ilipie uji na maharagwe ya nyumba hizo, tutaulizwa habari ya hesabu. Yafaa tuwe na jibu.

Mfano mkubwa uko Marekani. Mwaka 1968 serikali ya huko ilianza kusaidia chakula cha watoto wanaolelewa mbali na wazazi wao mchana, na baadaye nyumba za akina mama nazo zikaingizwa. Mama hupika, huandika milo, na hupeleka karatasi kwa shirika linalomsimamia. Shirika hudai fedha serikalini na kumlipa. Halipwi kwa risiti za duka, bali kiasi fulani kwa kila mlo. Kwa mtoto mmoja kwa siku aweza kudai milo miwili na kitafunio kimoja, au mlo mmoja na vitafunio viwili, basi. Tangu mwaka 1997 malipo yana madaraja mawili: nyumba iliyo katika mtaa wa maskini, au ya mama mwenye mapato madogo, hulipwa zaidi.

Mwaka 2002 sheria ya huko ililazimisha idara za serikali zipime malipo yenye makosa. Katika nyumba hizi makosa makubwa ni ya namna mbili. La kwanza ni la daraja: nyumba kuandikwa ya juu nayo ni ya chini, au kinyume chake. Hilo si gumu kulichunguza, maana karatasi zipo na hulinganishwa na hesabu za shule za mtaa ule au na mapato ya mama. La pili ni la milo: karatasi yasema sita, walikula wangapi? Hapo ndipo penye kazi. Mlo ukiisha kuliwa haubaki. Sahani imeoshwa, mtoto amekwenda kwao.

Sisi twalijua jambo hili. Magunia yaliyo ndani ya behewa yaweza kuhesabiwa mara ya pili. Lakini mlo ni kama abiria aliyekwisha shuka: ukitaka kumhesabu, mhesabu akiwa ndani.

Kanuni za huko zasema shirika litembelee kila nyumba angalau mara tatu kwa mwaka, na mbili kati ya hizo bila kutoa habari. Ni vizuri, lakini mara tatu ni siku tatu tu. Wachunguzi wakafikiria pia kuwauliza wazazi. Mzazi aweza kukumbuka saa aliyomleta mtoto na saa aliyomchukua, lakini sahani hakuiona.

Sasa sikilizeni vizuri, ndugu. Kosa si wizi kila mara. Tuseme mama ana watoto sita, naye huandika jioni akiwa amechoka. Jumatatu mmoja alichukuliwa kabla ya chakula, lakini mama akaandika sita. Serikali imelipa mlo usioliwa. Jumanne akaletwa mtoto wa saba kwa dharura, akala, na mama akaandika sita tena. Sasa mama amepunjwa. Jumlisha siku mbili: vimeandikwa 12, vimeliwa 12. Karani atasema hakuna kosa, kumbe yako mawili! Katika kipimo cha Marekani malipo pungufu nayo ni kosa. Lakini mkaguzi anayewinda mwizi ataiona Jumatatu na kuipita Jumanne.

Hapa kwetu Kenya tunayo mafundisho. Mpango wa Nairobi wa chakula cha shuleni ulioanza mwaka 2023, uitwao Dishi na County, hutumia ukanda wa mkononi ambao mtoto hugusisha kwenye mashine anapopokea chakula. Zile ni shule, si nyumba za akina mama, na mashine si lazima. Penseli na daftari vyatosha, mradi alama iwekwe sahani inapotolewa, si jioni wala mwisho wa wiki.

Kwa hiyo twaleta haya mbele yenu. Kwanza, kuhesabu kufanywe saa ya kula. Pili, mzazi aandike mwenyewe saa ya kuleta na ya kuchukua, ili kuwe na karatasi mbili za kulinganisha. Tatu, anayekagua asiwe yule anayefaidika hesabu ikiwa kubwa. Nne, mama aliyepunjwa alipwe upesi kama vile aliyezidishiwa anavyotakiwa kurudisha. Tano, iandikwe waziwazi ni mtoto gani atalipiwa. Hapa tuko mpakani. Mtoto wa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, akiletwa ana njaa atakula tu, na mama asiachwe peke yake kukisia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: daftari lisiwe sababu ya mtoto kunyimwa uji. Kosa la karatasi lisahihishwe kwenye karatasi.

Umoja ni nguvu.