Hesabu funguo kabla ya kubadili kufuli

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mtu akilisikia kwa mara ya kwanza atadhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Lakini jina lako likiwa limeandikwa katika mashine ya chama cha akiba na mikopo, ya hospitali, ya shule au ya halmashauri, basi jambo hili linakuhusu. Nalo ni hili: ni nani wenye ruhusa ya kuingia katika mashine hizo, na ni nani aliyewahesabu?

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nakaa Shanwe, hapa hapa Mpanda, na kazi yangu hunipeleka katika ofisi nyingi za mji huu. Siku moja niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho jina lake sitalitaja. Kiongozi wa chama hicho, mzee wa heshima zake, alinipokea vizuri. Nikamwamkia, tukakaa, akaniambia: "Fundi, tumeibiwa. Tunataka programu ile ya kusimamia watumiaji. Iweke kesho kutwa, ili jambo hili lisirudi tena."

Kabla sijaendelea, niwaeleze wasikilizaji ambao hawamo katika kazi hii. Katika ofisi yenye kompyuta kadhaa, huwapo kompyuta moja ambayo nyingine zote huiendea kuchukua na kuweka taarifa. Hiyo ndiyo seva, nayo ni mithili ya ghala. Programu ya kusimamia watumiaji ni mlinzi wa lango la ghala hilo. Yeye humjua kila mfanyakazi kwa jina na kwa nywila yake, yaani neno lake la siri, na hujua huyu aruhusiwe kusoma tu, yule aruhusiwe kuandika, na mwingine aruhusiwe kuidhinisha fedha. Ni programu nzuri, na mzee yule hakukosea kuitaka.

Lakini nilimwuliza: "Mzee, mlijuaje kwamba mmeibiwa, na nani ameiba?"

Akanisimulia. Mkopo wa shilingi 1,800,000 ulikuwa umeidhinishwa kwa jina la mwanachama ambaye alikwisha kuhama mji. Mashine ilipoulizwa ni nani aliyeidhinisha, ikatoa jina la karani mmoja, mama wa makamo ambaye alikuwa ameitumikia ofisi ile kwa miaka mingi. Saa iliyoandikwa ni 05:40. Baadhi ya wajumbe walisema hiyo ni alfajiri, saa kumi na moja na dakika arobaini, na mama huyo ndiye aliyekuwa akitunza ufunguo wa ofisi. Wengine waliisoma kwa saa zetu za Kiswahili, saa tano na dakika arobaini asubuhi, na wakati huo mama alikuwa ameketi mezani pake. Kwa hiyo, vyovyote ilivyosomwa, mama alikuwa na hatia. Alisimamishwa kazi, na mshahara wake ukazuiwa.

Ndugu wasikilizaji, mimi sikuweka programu ile kesho kutwa. Niliomba majuma mawili ya kuiandaa seva, na mzee aliguna. "Maandalizi gani tena, fundi? Programu si ipo? Majina tutayashughulikia baadaye." Nilimwomba anivumilie, akakubali shingo upande.

Jambo la kwanza nililolitazama ni saa ya mashine. Msione ni jambo dogo. Programu nyingi za aina hii, iwe Active Directory ya kampuni ya Microsoft au FreeIPA ambayo haina malipo, hutumia utaratibu uitwao Kerberos. Utaratibu huo ulibuniwa katika chuo cha MIT huko Marekani katika miaka ya 1980, na jina lake ni la mbwa wa hadithi za Wayunani, mwenye vichwa vitatu, aliyelinda lango la kuzimu. Mfanyakazi akijitambulisha mara moja, Kerberos humpa cheti chenye muda maalumu, mfano wa tikiti ya treni ya kutoka hapa Mpanda kwenda Tabora. Tikiti ina saa yake. Kwa kawaida, saa ya kompyuta ya mfanyakazi ikitofautiana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, mlinzi huikataa tikiti hata kama nywila ni sahihi. Kwa hiyo fundi asiyesawazisha saa kabla ya kuweka programu, siku ya kwanza atawafungia nje wafanyakazi wote.

Basi niliitazama saa ya seva ile, nikakuta imewekwa kwa majira ya Greenwich. Aliyeiweka hakuwahi kuiambia kwamba ipo Tanzania. Sisi tuko mbele ya Greenwich kwa saa 3. Yaani kilichoandikwa 05:40 hakikuwa alfajiri, wala hakikuwa saa tano za asubuhi. Kilikuwa saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Nilimpelekea mzee habari hiyo. Alinyamaza, kisha akafungua kabati na kutoa faili la risiti za benki. Siku ile, saa mbili na nusu asubuhi, yeye mwenyewe na mama yule walikuwa wamesimama dirishani benki wakiweka fedha za chama. Risiti ilikuwa imepigwa saa na dakika. Mama hakuwapo ofisini. Mtu mwingine alikuwa ameingia kwa jina lake.

Je, ni nani? Hapo ndipo tulipofika kwenye jambo la pili, nalo ni majina. Niliomba orodha ya wafanyakazi, nikapewa majina 14. Nikatoa orodha ya akaunti zilizokuwa hai ndani ya seva, nikapata 31. Tukakaa, mzee na mimi, tukazipitia moja moja kwa kalamu. Akaunti 14 zilikuwa za wafanyakazi waliopo. Akaunti 9 zilikuwa za watu walioacha kazi au kuhamia Sumbawanga, Kigoma na kwingineko. Moja ilikuwa ya marehemu. Nne hazikuwa za watu, bali za shughuli za mashine yenyewe, kama vile kunakili taarifa usiku. Tatu hazikujulikana na mtu yeyote ni za nani.

Hayo ni majina tu. Kuhusu nywila, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama yule hakuwa mwepesi wa kuchapa, na kwa hiyo kila asubuhi kijana mmoja au mwingine alimwambia, "Mama, nikusaidie," akamwingizia nywila yake. Kwa hisani hiyo, ofisi nzima iliijua. Basi sina mhalifu wa kuwatajia leo. Wote wangeweza, na kwa sababu wote wangeweza, hakuna aliyepatikana.

Wasikilizaji wangu mnakumbuka neno "watumishi hewa". Mwaka 2016, Serikali ya Rais John Magufuli ilifanya uhakiki mkubwa wa watumishi wa umma, na maelfu ya majina yakaondolewa katika orodha ya mishahara kwa kuwa hayakuwa na watu nyuma yake. Nchi nzima ilishangaa. Lakini ndani ya seva zetu wamo watumiaji hewa hadi leo, na wao hawachukui mshahara ili mhasibu apate kuwagundua. Wamekaa kimya wakiwa na ufunguo mkononi.

Wala si sisi peke yetu. Mwezi Mei 2021, kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, yenye bomba kubwa la mafuta linalolisha majimbo ya mashariki, ilisimamisha bomba hilo kwa siku kadhaa baada ya wahalifu kuingia katika mtandao wake. Watu walipanga foleni kwenye vituo vya mafuta, na kampuni ikalipa wahalifu kiasi cha dola milioni 4.4. Je, waliingia kwa njia gani? Kwa nywila ya akaunti moja ya njia ya zamani ya kuingilia mtandao kutoka mbali, njia ambayo haikuwa ikitumika tena lakini haikuwa imefungwa. Kampuni ya mabilioni iliangushwa na ufunguo mmoja uliosahauliwa.

Sasa fikirini. Kama ningeweka programu siku ile ile aliyotaka mzee, ningezihamisha akaunti zote 31 ndani yake. Marehemu angepata kitambulisho kipya. Wale watatu wasiojulikana wangetambuliwa rasmi na mlinzi mpya. Mlinzi hajui nani ni mtu na nani ni hewa. Yeye hulinda orodha aliyopewa, na orodha mbovu akiilinda vizuri ndipo ubaya unapozidi.

Jambo la tatu ni mashine yenyewe. Programu ya namna hii haitaki kuchanganywa na shughuli nyingine. Ipewe mashine yake, iliyosafishwa na kuwekwa upya. Mashine hiyo ipewe jina kamili na anwani isiyobadilika, na kompyuta nyingine zote ziweze kuipata kwa jina hilo, kwa maana programu hujenga juu ya jina hilo kama nyumba juu ya nguzo. Kwa FreeIPA, ukishamaliza kuiweka, jina la seva halibadiliki tena. Ukikosea, unaanza upya. Kisha ifunguliwe milango inayotakiwa tu: namba 88 kwa Kerberos, namba 389 na 636 kwa daftari la majina, na mingineyo michache iliyotajwa katika maelekezo. Iliyobaki ifungwe.

Aidha, ziwe mashine mbili, si moja. Mji wetu wa Mpanda uliishi miaka mingi kwa umeme wa mitambo ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, na sote twajua kukatika kwa umeme. Mlinzi akiwa mmoja naye akazimika, ofisi nzima imefungiwa nje. Kwa hiyo seva ya pili iwe na daftari lile lile, kila moja iwe na betri ya kuishikilia umeme unapokatika, na nakala ya akiba itunzwe nje ya chumba hicho. Tena nakala hiyo ijaribiwe kurudishwa kabla ya siku ya shida. Nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

Na mwisho, iwepo akaunti moja ya dharura, nywila yake iandikwe, itiwe ndani ya bahasha, ipigwe lakiri na kufungiwa katika sefu. Akiifungua mtu, iandikwe nani, lini na kwa nini.

Wapo watakaosema haya ni ya matajiri. Hapana. Kuhesabu majina hakugharimu hata shilingi moja. Kusahihisha saa hakugharimu kitu. Kumfungia akaunti mtu siku anapokabidhi ofisi ni kazi ya dakika mbili. Kinachotugharimu ni haraka, na ile tabia ya kununua kitu kipya ili tusilazimike kutazama kile cha zamani.

Hali kadhalika, sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Chama chenye akaunti 31 kwa wafanyakazi 14 kitajibu nini kikiulizwa? Na mwanachama naye anayo haki ya kuuliza. Siku ya mkutano mkuu, baada ya kusomewa mapato na matumizi, inua mkono, uliza: ni watu wangapi wanaoweza kuingia katika taarifa zangu, na orodha yao ilihakikiwa lini?

Nirudi kwa mama yule. Alirudishwa kazini na mishahara yake iliyozuiwa akalipwa. Lakini kwa miezi miwili alikuwa amepita mitaa ya Mpanda akiitwa mwizi, na hakuna programu inayoweza kumrudishia miezi hiyo. Mzee alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, jambo ambalo viongozi wengi hawaliwezi, nami nampongeza.

Programu iliwekwa majuma mawili baadaye, na kuiweka kwenyewe kulichukua asubuhi moja. Kila mfanyakazi ana nywila yake, na aidhinishaye mkopo si yule anayeuandika. Nilipopita pale hivi karibuni nilimkuta mama akiingia katika kompyuta yake, polepole, kidole kimoja kimoja. Kijana mmoja akamsogelea na kumwambia, "Mama, nikusaidie." Naye, bila kuinua macho, akamjibu, "Ahsante mwanangu. Geukia huko kwanza."