Nguo Ina Majira Yake



Jioni hii napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililo dogo kwa kulitazama, lakini zito mfukoni, nalo ni wakati wa kununua nguo. Wengi wetu twajua kuchagua rangi, kupima urefu na kupatana bei na mwenye duka; lakini ni wachache wanaojiuliza: Je, mwezi huu ndio wa kuinunua nguo hii? Mkulima hapandi mbegu siku yo yote apendayo, bali huangalia mvua. Nguo nayo ina majira yake.

Kwanza na tufahamu kwa nini bei hubadilika. Kitambaa huweza kuwa kile kile, na uzi ule ule, lakini bei hupanda wanunuzi wanapozidi bidhaa, na hushuka bidhaa zinapozidi wanunuzi. Habari hii si mpya kwetu. Katika karne ya 19 kitambaa cha merikani kililetwa Unguja kutoka Marekani, na misafara ikakichukua mpaka bara. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, tangu 1861 hata 1865, pamba iliadimika, merikani ikawa ghali, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikapata nafasi. Merikani haikuwa imekuwa bora kuliko zamani. Ilikuwa imeadimika tu.

Sasa na tuutazame mwaka wetu hapa Tanzania. Shule hufunguliwa mwezi wa Januari, na kabla yake kuna Krismasi. Basi mwezi wa Desemba mzazi hutafuta nguo za sikukuu na sare za shule kwa pamoja. Madukani watu husongamana, na fundi cherehani huzungukwa na mafurushi. Fundi aliyepewa nguo za juma tatu azimalize kwa juma moja hawezi kukaza mishono sawasawa. Kwa hiyo mzazi hupata hasara mara mbili: hulipa zaidi, na nguo hufumuka mapema.

Kisha kuna sikukuu ya Idi. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Idi ya Mfunguo Mosi huja mapema zaidi kila mwaka. Katika 2025 iliangukia mwisho wa Machi. Kwa hesabu ya kalenda, katika 2030 itaangukia mwanzo wa Februari, na katika 2033 yatazamiwa kuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwezi wa Desemba, kama ilivyokuwa katika 2000. Maana yake ni kwamba, katika miaka hiyo, Idi, Krismasi na kufunguliwa kwa shule vitakaribiana sana, na wanunuzi wa mambo yote matatu watakutana katika maduka yale yale. Aliyeitazama kalenda mapema hatashtushwa.

Tena kuna majira ya mavuno. Pamba ya Usukuma huuzwa katikati ya mwaka, na korosho za Mtwara na Lindi huanza kuuzwa mwezi wa Oktoba. Fedha inapoingia kijijini, wachuuzi wa nguo nao huingia, kwa maana biashara hufuata fedha kama nyuki afuatavyo ua. Si vibaya kununua wakati huo. Lakini asiyejua bei ya siku za kawaida hatajua kama amepunjwa.

Basi, yafaa tununue lini? Kitambaa cha sare kinunuliwe kati ya Julai na Oktoba, na fundi apewe akiwa na nafasi. Mwambieni aache pindo pana la kukunjua, maana mtoto hukua kabla ya Januari kufika. Lakini viatu visinunuliwe mapema hivyo, kwa kuwa mguu wa mtoto haungoji, na kiatu hakina pindo la kukunjua. Wakaao Njombe, Makete au Lushoto wanunue sweta wakati wa joto, siyo Juni baridi ikiwa imekwisha kubisha hodi. Doti ya kanga ya sikukuu ichaguliwe juma kadhaa kabla ya sikukuu yenyewe. Na katika mitumba, robota likifunguliwa, nguo zilizo bora hutolewa kwanza kwa bei ya juu. Zilizobaki baadaye hurundikwa chini na kuuzwa rahisi. Nguo ya shamba au ya kuchezea mtoto itafutwe katika rundo hilo la mwisho, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Najua mtu aweza kunijibu, “Mwalimu, maneno hayo ni ya mwenye fedha. Mimi hununua Desemba kwa sababu fedha huipata Desemba.” Jibu hilo ni la kweli, nalo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Mwenye mshahara mkubwa huweza kungoja bei ishuke. Maskini hununua siku haja inapombana, na mara nyingi ndiyo siku bei ilipo juu. Hivyo yule aliye na kidogo ndiye alipaye zaidi. Kujua majira hakumsaidii mtu asipokuwa na akiba mkononi majira hayo yanapofika.

Dawa yake ni kibubu cha nguo, kilichotengwa na fedha za chakula. Tangu mwanzo wa Februari hata mwisho wa Juni, katika mwaka wa kawaida, ni siku 150. Anayetia shilingi 500 kila siku atakuwa na shilingi 75,000 Julai ikiingia. Anayeweza 200 tu atakuwa na 30,000. Si mali nyingi, lakini zapatikana wakati duka ni tupu na mwenye duka ana hamu ya kuuza. Mume na mke na wapatane kwamba kibubu hicho hakitavunjwa kwa ajili ya harusi wala ngoma. Ugonjwa tu ndio uwe na ruhusa.

Nisisitize neno moja zaidi. Kitu rahisi usichokihitaji ni ghali. Andikeni nyumbani nguo zinazohitajiwa na kila mtu, na mkifika dukani shikeni karatasi hiyo, wala msiufuate mdomo wa mwuzaji.

Katika 2016 elimu katika shule za serikali ilianza kutolewa bila ada mpaka kidato cha nne, lakini sare imebaki mzigo wa mzazi. Mtoto anayekaa nyumbani juma la kwanza kwa kungoja shati hupitwa na masomo ambayo wenzake wameyapata. Shati hilo lingeweza kuwa limekunjwa sandukuni tangu Agosti. Akiba haiozi, na nguo iliyotunzwa vema sandukuni nayo haiozi.