Jinsi Dawa ya Malaria Inavyoshika: Maongezi ya Sherehe ya Uhuru, Upplands Väsby

 

Kamati tumeombwa tuseme neno kuhusu sayansi, kwa kuwa Uhuru wetu ni tarehe 9 Desemba, na kesho yake, nusu saa hivi kwa treni kutoka hapa, Tuzo za Nobel hutolewa mjini Stockholm. Tumechagua jambo linalotuhusu: malaria.

Tuliokulia nyumbani tunaikumbuka klorokwini. Chungu kama shubiri, na baadhi yetu ilituwasha tukajikuna mpaka alfajiri. Ilifanyaje kazi? Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya seli nyekundu ya damu, hula hemoglobini. Mabaki ya mlo huo ni himu, yenye chuma, nayo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Basi huyapanga yawe fuwele isiyodhuru, kama mtu anayefunga takataka kwenye mfuko. Klorokwini huishikilia himu isipangike, na kimelea hufa kwa uchafu wake.

Watoto, shikeni neno hilo "kushikilia". Molekuli hizo haziungani zikawa kitu kimoja. Zinashikana kama viganja viwili, na zinaweza kuachana. Kemia ya namna hiyo iliwapa Cram, Lehn na Pedersen Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Mwaka 2016 wakatuzwa Sauvage, Stoddart na Feringa, kwa mashine za molekuli, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona.

Lakini kimelea nacho ni mjanja. Protini yake moja ilibadilika, ikawa inaitoa klorokwini pale inapofanyia kazi. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Leo tunatumia dawa mseto, yenye asili ya pakanga, mmea ambao kazi yake ilimpatia Tu Youyou wa China tuzo mwaka 2015. Na tayari Rwanda, Uganda na Tanzania wameonekana vimelea wanaochelewa kufa kwa dawa za jamii hiyo. Mnaosoma kemia gymnasiet na kuona inachosha, kazi hii bado inasubiri watu.

Sasa tujiseme wenyewe. Tunapokwenda likizo tunajigamba: "Sisi wa huko, malaria haituwezi." Si kweli. Kinga ya mwili hupungua tukikaa huku miaka, na watoto waliozaliwa hapa hawakuwa nayo kabisa. Mmoja wetu alirudi na homa, akadhani ni mafua ya baridi, akanywa chai ya tangawizi siku tatu. Alipona, lakini hospitalini.

Kwa hiyo kabla ya safari pigeni 1177, muulize dawa ya kinga, mmeze mpaka zimalizike. Mkirudi na homa, hata baada ya miezi, mwambieni daktari mlikotoka, asipowauliza.

 Pilau inapoa.