Mwite Mtoto kwa Jina Lake

  Leo tunazungumza juu ya jina la mtoto na ubongo wake.

Fikiria uko sokoni Oyugis. Makanga wanaita abiria, muuza omena anataja bei, redio inalia dukani. Hayo yote huyajali. Ghafla mtu nyuma yako anasema, "Mama Akinyi!" Unageuka mara moja. Kwa nini hilo moja ulisikie?

Masikio hupokea sauti zote, lakini ubongo huchuja. Jambo linalokuhusu wewe mwenyewe hupewa nafasi ya mbele. Mwaka 1959 mtafiti Neville Moray wa Uingereza aliwasikilizisha watu habari mbili kwa pamoja, moja kila sikio, akawaambia wafuate sikio moja tu. Karibu thuluthi moja yao walisikia jina lao lilipotajwa katika sikio walilolipuuza. Hata mtu akiwa usingizini, ubongo wake unaweza kutofautisha jina lake na la mwingine.

Mtoto huanza mapema. Akiwa na miezi kama mitano hivi, huanza kuitambua sauti ya jina lake. Kufikia miezi 9, watoto wengi hutazama wakiitwa.

Hapa kwetu mtoto mmoja huwa na majina mengi. Amezaliwa asubuhi, basi ni Akinyi. Kanisani ni Mercy. Nyanya naye anamwita kwa jina la jamaa aliyefariki. Majina yote ni yake, wala hakuna ubaya. Lakini akiwa mchanga, chagueni moja la kumwitia kila siku. Mtazame usoni, mwite, ngoja akutazame, kisha sema naye: "Akinyi, sasa tunaoga." Jina humfanya ategee, na maneno yanayofuata humwingia vizuri zaidi.

Huenda umesikia pia kwamba mtoto wa miaka miwili lazima ajitambue kwenye kioo. Usiwe na wasiwasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watoto waliwekewa alama kichwani bila kujua, kisha wakaonyeshwa kioo. Kati ya watoto 82 wa Kenya, ni 2 tu waliogusa au kuondoa alama hiyo. Wengi walisimama kimya wakijitazama. Watafiti hawakusema watoto wetu hawajijui. Walieleza kuwa huenda malezi ya kutii na kungoja mkubwa aseme ndiyo yaliyowafanya watulie.

Kumbuka pia kwamba ubongo hushika zaidi jambo linalomhusu mwenyewe. Ukisema kila siku "Otieno ni mjinga," Otieno atalishika, na atajiona hivyo. Akikosea, taja kosa: "Otieno, umemwaga maji, chukua kitambaa upanguse." Akifanya vyema, mtaje kwa jina pia.

Sasa mama, shika mambo mawili.

La kwanza ni masikio. Simama nyuma ya mtoto, mahali asipokuona, umwite kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine. Akiwa amepita miezi 9 na hageuki, usimwite mkaidi, wala usiseme amerogwa. Mpeleke kliniki, ubebe na kitabu chake cha mama na mtoto. Huenda hasikii vizuri. Mweleze muuguzi kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, kama alikuwa na manjano kali alipozaliwa, au kama anatoa usaha masikioni. Usimtie mafuta wala majani sikioni. Watoto wengine husikia vizuri lakini wanahitaji msaada wa namna nyingine, na hilo pia huchunguzwa. Kadiri anavyopata msaada mapema, ndivyo lugha yake inavyokua, iwe ya mdomo au ya ishara.

La pili ni homa. Sisi wa kando ya ziwa tunaijua malaria. Mtoto akiwa na joto, mwite kwa jina lake. Akifungua macho, akakutazama, akanyonya au kunywa, bado mpeleke apimwe siku hiyo hiyo. Lakini ukimwita na kumgusa asiamke, au akilegea asijue anayemwita, hiyo ni hatari. Hali kadhalika akipata degedege, akishindwa kunyonya au akitapika kila kitu. Usingoje kupambazuke, wala usimmiminie dawa mdomoni. Mlaze ubavu, ita jirani, mtafute gari au bodaboda, mwende hospitali mara moja.

Mama, jina ulilompa mwanao halikugharimu pesa. Leo jioni mwite, uone kama atageuka. Asipogeuka, kesho asubuhi tukutane kliniki.