Akili ya Gridi Ifike Mpaka Gonja

Machi 2025, akizindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, Rais Samia Suluhu Hassan alisema sehemu ya umeme unaotoka kusini kuja Kanda ya Kaskazini hupotea njiani, hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Ndiyo maana serikali ikafikiria kununua umeme wa Ethiopia, kupitia Kenya. Wengi walihoji: tununue nje, ilhali Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115?

Swali ni la haki, lakini megawati peke yake hazitoshi. Gridi lazima ikae karibu na masafa ya hezi 50, sekunde kwa sekunde. Mti ukiangukia waya, au matumizi yakipanda ghafla jioni, mitambo ya udhibiti unaojirekebisha hupima hali, hurekebisha volteji, hukitenga kipande chenye hitilafu na kuupitisha umeme njia nyingine, kama ipo. Gharama ya hitilafu tumeiona: tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu ya Gridi ya Taifa iliacha sehemu kubwa ya nchi gizani.

Mwenye mashine ya kusaga pale Gonja, kwenye milima ya Upare, hajali umeme umetoka Bwawa la Nyerere au Ethiopia. Anachotaka ni volteji isiyounguza mota yake. Nasi tumezoea mno kuhesabu vijiji vilivyounganishwa, tukasahau kuuliza umeme unaofika huko ukoje.

TANESCO, vipimo na mitambo hiyo isiishie kwenye vituo vikubwa vya mijini. Ipelekeni pia kwenye laini za milima ya Upare.