Saa tano mu Saint-Pierre
Maneno ya mwenzetu mumoja mu mukutano wa mwezi

Mutunza kasha aliniomba niseme juu ya meli, sababu watoto wanapenda ile hadisi. Nitaisema, lakini nyuma yake iko kitu kingine, mutakiona.

Munajua nilipitia Afrika ya Kusini, kiisha nikapata kazi mu meli ya watalii. Nilikuwaka natumika kule chini, mu chumba cha kufulia: mashuka, taulo, tena taulo. Unaweza kumaliza juma zima unasikia bahari bila kuiona. Siku meli inafunga ku kisanga, watalii njo wanashuka kwanza. Sisi tunapewa saa chache, na lazima turudi mbele yao. Ukichelewa, meli haikungojei.

Mwaka 2011 tulifunga Fort-de-France, ku Martinique. Ni kisanga cha Ufaransa, basi baada ya miezi mingi niliweza kusemezana na watu bila kutafuta maneno. Wenzangu wakaenda kutafuta intaneti ya kuita kwao. Mimi nikauliza mama mumoja aliyekuwa anauzisha ndizi: ule mulima wa volkano uko wapi? Akaniangalia sana. Akasema, panda gari ya Saint-Pierre, ni kilometa 30 hivi.

Juu ya nini niliutafuta? Mutu wa Goma haulizwi vile. Tarehe 17 Januari 2002 nyumba yetu ilikwenda na moto wa Nyiragongo, pamoja na duka ya baba.

Saint-Pierre iko chini ya mulima Pelée, kando ya bahari, kama vile sisi kando ya ziwa. Zamani ulikuwa muji mukubwa wa biashara. Tarehe 8 Mei 1902, asubuhi, mulima ukapasuka. Haukuwa moto wa kutembea kama wetu, ambao mutu anaweza kuukimbia na godoro ku kichwa. Lilikuwa wingu la moto, na kwa dakika chache watu karibu 28.000 wakaisha. Niliona ngazi za teatre zimebaki, zinapanda, hazifiki popote. Karibu na pale kuko chumba cha gereza, cha mawe manene. Mufungwa mumoja, Cyparis, aliponea mule, mwili umeungua.

Lakini mulima ulikuwa umeonya! Majivu yalianguka tangu Aprili. Tarehe 5 Mei matope yalifunika kiwanda cha sukari na watu ndani. Watu wakabaki tu, na wa vijiji wakaingia muji. Uchaguzi ulikuwa tarehe 11. Guverneri mwenyewe alikuja pale, akafa nao. Nikauliza muzee mumoja: walikuwa wapumbafu? Akanijibu: «Mwenye feza alikuwa na pa kwenda. Wengine wangeenda na nini?»

Nikakaa ku zile ngazi. Mwaka 2002 mama yangu mukubwa alibaki mu nyumba, hatukumuona tena. Miaka tisa nzima tulisema alikuwa na kichwa nguvu. Na mimi nilisema. Mguu wake ulikuwa mugonjwa, ndugu zangu. Hakuna aliyemubeba. Mimi nilibeba redio.

Nilirudi ku meli mbio, zimebaki dakika kumi.

Sasa. Tarehe 27 Mei 2021, wakati serikali ilisema tutoke, nilikuwa nimekwisha kurudi hapa. Watu wakashika njia ya Sake. Mu barabara yetu niliona wazee wawili wamekaa pa mulango, wanatuangalia tunapita. Siku ile tulirudi kuwachukua, na pikipiki mbili, kwa deni.

Njo naomba, mu kasha yetu ya matanga na magonjwa, tutenge kitu ya safari, hata franga 1.000 kwa mwezi kila mutu. Najua wengine watasema michango imekuwa mingi. Karatasi iko pa meza ya muandishi. Kama kwenu kuko mutu asiyeweza kutembea, andikisheni leo jina lake, avenue yake, na nani atamubeba.