Mgonjwa Asiyejibu Huenda Anasikia

Msikilizaji, jioni hii naanzia Uswisi. Aliishi huko daktari mmoja ambaye maandishi ya kitaalamu humtaja kwa herufi mbili tu, TN. Alipigwa na viharusi viwili mfululizo, kimoja upande huu wa ubongo, kingine upande wa pili. Macho yake yenyewe hayakuwa na kasoro. Kilichoharibika ni ile sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni, ambako habari zinazotoka machoni hupokelewa kwanza. Hapo akawa kipofu kabisa, mtu wa kutembea na fimbo.

Mwaka 2008 timu ya mtafiti Beatrice de Gelder ikamwomba aiweke fimbo kando atembee kwenye korido. Hawakumwambia kwamba humo wametawanya maboksi, viti na vikorokoro vingine. Mtu mmoja alimfuata nyuma kwa nyuma, asije akaanguka. Bwana yule akatembea taratibu, hapa akajibana ukutani, pale akapinda kiuno kidogo, akatokea upande wa pili bila kugusa kitu hata kimoja. Alipoulizwa amewezaje, hakuwa na la kueleza. Yeye alikuwa anatembea tu, na hakujua kama kuna alichokikwepa.

Maelezo yapo. Habari za machoni haziingii ubongoni kwa njia moja. Njia kuu ni hiyo ya kisogoni, lakini zipo nyingine ndogondogo zinazokwenda sehemu za ndani, za kale zaidi, na hizo kwa TN zilikuwa bado nzima. Ndizo zilizoongoza miguu, ila mwenyewe hazikumwambia neno. Mwingereza Lawrence Weiskrantz alishaanza kulichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970, kwa mgonjwa aliyeweza kuonyesha kwa kidole mahali penye mwanga huku akiapa kwamba haoni chochote, anabahatisha tu.

Basi kuona ni jambo moja na kujua kwamba unaona ni jambo jingine. Kazi nyingi ya ubongo inafanyika bila sisi kupewa taarifa. Sasa ile sehemu ndogo tunayoijua, hii tunayoiita fahamu, inatoka wapi?

Mtu angedhani ni suala la wingi wa seli. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva kama bilioni 86. Lakini karibu nne kati ya kila tano zimo katika ubongo mdogo, ule uliojificha chini kabisa nyuma ya kichwa, na sehemu hiyo ikiumia mtu huyumba na ulimi wake huwa mzito, lakini fahamu hapotezi. Mwaka 2014 madaktari wa China walieleza habari za mwanamke wa miaka 24 aliyefika hospitali akilalamika kizunguzungu. Picha zikaonyesha kwamba ubongo huo mdogo hana kabisa. Na alikuwa mke wa mtu, mama wa mtoto, anaishi maisha yake.

Kwa hiyo wingi peke yake hauelezi. Hapo ndipo wataalamu wanapogombana, na ugomvi wenyewe una kichekesho chake. Mwaka 1998, mjini Bremen, Ujerumani, mtaalamu wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers. Koch alisema ndani ya miaka 25 sayansi itakuwa imeonyesha wazi ni shughuli gani ya seli za neva inayoleta fahamu. Chalmers akasema haitaonyesha. Juni 2023, jijini New York, Koch akakubali kwamba ameshindwa, akamkabidhi mwenzake mvinyo waliokubaliana, na papo hapo akaweka dau jingine la miaka 25.

Hoja ya Chalmers si ngumu kuifuata. Tafuna pilipili kichaa. Sayansi inaweza kukueleza kemikali iliyoko ndani yake, neva zilizoshtuka ulimini, sehemu za ubongo zilizoamka, machozi yalivyotiririka. Ukishaeleza yote hayo, linabaki swali moja: kwa nini inawasha? Kwa nini kuna mtu humo ndani anayeungua, badala ya mashine inayotema pilipili kimyakimya?

Mimi, kusema kweli, dau hilo halininyimi usingizi. Waachwe wabishane hadi 2048. Kinachonisumbua kiko wodini, na huko sayansi hii imeshatoa jibu ambalo wengi wetu hatujalisikia.

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walitoa habari za msichana wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari. Alifungua macho, alilala, aliamka, lakini hakuitikia lolote, na miezi ilikuwa imepita. Kwa kipimo cha kitandani, alihesabiwa kuwa hana fahamu. Wakamwingiza katika mashine ya MRI inayofuatilia damu inakokimbilia ubongoni, kwa sababu sehemu inayofanya kazi huvuta damu zaidi. Wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Sehemu inayopanga miendo ya mwili ikaamka. Wakamwambia: fikiria unapita chumba hadi chumba nyumbani kwenu. Ikaamka nyingine, ile inayoshughulika na mahali na njia. Kila zamu ilidumu nusu dakika, na alipoambiwa pumzika, shughuli ikatulia. Ilikuwa sawasawa na watu wazima wenye afya waliopimwa kwa kulinganisha.

Wapo waliopinga. Walisema ubongo unaweza kushtushwa na neno tenisi bila mtu kuelewa. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge na wa Liège, Ubelgiji, wakaja na jambo gumu zaidi kupinga. Kati ya wagonjwa 54 waliowapima, 5 waliweza kubadili shughuli ya ubongo kwa kuambiwa. Mmoja akafundishwa kujibu: ukitaka kusema ndiyo, cheza tenisi akilini, ukitaka kusema hapana, zunguka nyumbani. Akaulizwa maswali sita kuhusu familia yake na maisha yake. Matano akayajibu sawasawa. Neno moja haliwezi kushtusha ubongo ukajibu maswali ya familia.

Na mwaka 2024 ukachapishwa utafiti mkubwa kuliko zote za namna hii zilizotangulia. Wagonjwa 241 hawakuonyesha dalili yoyote ya kutii agizo kitandani. Walipopimwa kwa MRI au kwa mashine inayosoma umeme wa ubongo, 60 kati yao walikuwa wanatii. Robo nzima!

Sasa fikiria wodi zetu. Ndugu wamezunguka kitanda, mgonjwa ametulia, macho wazi yakitazama dari. Shangazi anauliza shamba litabaki kwa nani. Shemeji anasema kwa sauti kwamba pesa zimeisha, afadhali Mungu amchukue. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Wanazungumza hivyo kwa sababu wanaamini aliyelala hayupo. Sisemi kila mgonjwa wa namna hii anasikia. Robo tatu ya wale 241 hawakuonyesha kitu hata mashineni. Lakini kwa kumtazama tu, hakuna daktari wala mchungaji wala shangazi awezaye kukuambia mgonjwa wako yuko kundi gani.

Mashine za namna hiyo si za kila hospitali, najua. Ila hata kipimo cha mikono kina ufundi wake, na hakigharimu kitu. Mgonjwa apimwe kwa siku na saa tofauti, maana fahamu ya mtu aliyeumia kichwa huja na kuondoka. Asubuhi anaweza kuwa mbali, jioni akawa karibu. Imeonekana pia kwamba baadhi ya wagonjwa wasiofuata kidole wala tochi kwa macho hufuata kioo, kwa sababu ndani yake wanaiona sura yao. Na wengine hugeukia jina lao kuliko kengele.

Kwa hiyo ukienda kumwona mtu wa hali hiyo, chukua kioo kidogo, muite jina lake, lile analoitwa nyumbani, kisha muulize daktari wa zamu: huyu amepimwa mara ngapi, na saa ngapi?